Jina Lililoufuata Ukungu

— Mliokaa karibu na moto, mpo?
— Tupo!
— Mliokaa karibu na mlango, mpo?
— Tupo!
— Nina hadithi, nimeifunga kwenye upindo wa kanga.
— Ifungue!
— Nikiifungua itatembea.
— Iache itembee, sisi tutaifuata!

Haya basi. Wa kwanza kumwambia Sikudhani habari za jina lile alikuwa Bi Semeni, mkunga wa kijiji cha Kweshindo. Alimwambia kwa sauti ya chini huku akikoroga uji, kwa sababu ilikuwa habari iliyowatia aibu watu wa kijiji kizima. Lakini tusimtangulie Bi Semeni. Turudi nyuma kidogo.

Hapo zamani, mawingu yalikuwa hayajajifunza kupita juu ya milima ya Usambara. Yalipita chini, katikati ya nyumba, kama mbuzi wanaorudi zizini. Mtu akifungua mlango asubuhi, ukungu uliingia bila hodi, ukakaa jikoni, ukaota moto, kisha ukatoka taratibu na joto lake. Watu walizoea. Walikuwa wakiusogeza kwa mkono ili waone sufuria.

Huko Kweshindo aliishi Sikudhani, mke wa Shembilu. Alikuwa mwanamke mpole, mwenye haya nyingi. Akitaka kumfukuza kuku jikoni, alimwambia, "Samahani, kuku, naomba nipite." Kuku wenyewe walikuwa wakimcheka.

Sikudhani akajaliwa mtoto wa kike, mtoto wake wa kwanza.

Sasa sikilizeni. Kweshindo jina la mtoto halichaguliwi. Mtoto mwenyewe huulizwa. Kitovu kikishaanguka, bibi mzaa baba humpakata mtoto na kuyaita majina ya waliotangulia, moja baada ya jingine. Mtoto hulia. Likifika jina lake, hunyamaza, akashika ziwa. Hapo vigelegele hupigwa, maana mtu aliyeondoka amerudi nyumbani.

Kitovu kikaanguka. Bi Mashavu, mama mkwe wa Sikudhani, akampakata mtoto.

Akaita majina ya ukoo wa baba. Mtoto akalia.

Akaita majina ya ukoo wa mama. Mtoto akalia.

Akaazima majina ya majirani, akayaita yote mpaka ya bibi mmoja aliyekuwa mchawi. Mtoto akalia, na ziwa hakulitaka.

"Huyu anamngoja nani?" wanawake wakaulizana.

Mtoto alilia akiwa macho, akalia akiwa usingizini. Akaanza kuwa mwepesi. Sikudhani akimwinua alihisi ameinua kanga tupu. Maziwa yalimjaa kifuani yakamuuma, na mtoto aligeuza uso upande wa mlango, upande wa ukungu.

Ndipo Bi Semeni alipokuja na sufuria ya uji, akasubiri Bi Mashavu atoke kwenda kuteka maji, akasema, "Mwanangu, kuna mtu mmoja hatujamwita."

"Nani, bibi?"

"Mzee Baragumu."

Sikudhani hakuwahi kumwona Mzee Baragumu, lakini alijua kaburi lake, lile la mawe lililo juu ya kijito. Alikuwa Mdachi, mtu wa Ujerumani. Wadachi wengine walikuja na bunduki na bendera, wakaamuru watu wabebe mizigo. Huyu alikuja peke yake, amebeba baragumu la pembe, akajenga kibanda karibu na genge, pale mlima unapokatika ghafla. Ukungu ukishuka, alisimama pale akapuliza, kisha akaita kwa sauti yake mwenyewe, ili wanawake wanaorudi na vikapu vya maboga wasitumbukie bondeni. Alipuliza hivyo mpaka nywele zikawa nyeupe. Akafa bila mke, bila mtoto.

"Basi mwiteni!" Sikudhani akasema, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilisikika mpaka nje. "Jina lake hasa ni nani?"

Bi Semeni akakoroga uji ambao ulikuwa umeshaiva.

"Hatukumuuliza."

"Miaka yote ile?"

"Tungemuulizaje, mwanangu? Mgeni hapa huulizwa kama amekula. Ukimuuliza jina ni kama unampekua mfukoni. Tulimheshimu."

"Na yeye hakulitaja?"

"Aliona hatuulizi, akadhani kwetu ni mwiko. Na yeye alituheshimu." Bi Semeni akashusha pumzi. "Tukaheshimiana hivyo mpaka akafa. Tukamzika vizuri, tukachinja, tukala. Jina lake halikuwa na pa kuingia. Jina lisiloitwa huona njaa, mwanangu. Nadhani ndilo linalomwita mtoto wako."

"Nani basi analijua?"

"Binadamu hayupo. Lakini kule juu alikuwa akizungumza na wanyama. Upweke huo."

Sikudhani akamfunga mtoto mgongoni. Hakunywa uji. Akaingia kwenye ukungu kama mtu anayeingia kwenye maji, miguu kwanza, kisha kifua, kisha kichwa.

— Mmelala?
— Hatujalala!
— Basi pandeni naye.

Akapanda, akapanda, akapanda. Ukungu ulikuwa mweupe na laini, na miti ilikuja mmoja mmoja kumtazama, kisha ikarudi nyuma. Akamkuta mbega amekaa juu ya tawi, amejifunika joho lake jeupe.

"Shikamoo, Mbega."

"Marahaba. Sema upesi, ninakula."

Sikudhani akasema:

*Mwanangu analia, ziwa halitaki,*
*jina la mgeni, Mbega, unalijua?*

Mbega akatafuna jani, akameza. "Jina zima sina. Nina kipande. Mzee alinisimulia lilikozaliwa. Kwao kuna milima kama hii, na ukungu kama huu, na kuna genge. Zamani za zamani, mwanamke mmoja alimngoja mumewe, ukungu ukashuka. Akasimama mlangoni akaita. Akaita mpaka sauti ikakauka, akanywa maji, akaita tena. Mume akaufuata mwito, akafika. Nyuma ya mume akafika mtu asiyemjua. Nyuma yake akafika mwingine, na ng'ombe wake. Wote walikuwa wamepotea. Tangu siku hiyo nyumba ile ikawa na kazi ya kuita, na watu wakawapa jina kwa kazi yao. Kwao ndivyo majina yanavyozaliwa, kwa kazi."

"Ndilo lipi?"

"Nimesema nina kipande. Panda juu."

Akapanda, akapanda, akapanda. Mtoto alilia mgongoni, lakini kilio kilikuwa kimekonda, kama uzi. Akamkuta ndege hondohondo na mdomo wake mkubwa.

"Shikamoo, Hondohondo."

"Marahaba! Marahaba! Nani huyo anayenong'ona? Sema kwa sauti, masikio yangu yako nyuma ya mdomo!"

Sikudhani akajitahidi:

*Mwanangu analia, ziwa halitaki,*
*jina la mgeni, Hondohondo, unalijua?*

"Kipande ninacho!" Hondohondo akapiga kelele. "Mzee alinieleza kwa nini ni adimu. Fikiria mwenyewe, mama. Kila kijiji kinataka mhunzi, basi majina ya wahunzi kwao yamejaa kama siafu. Kila kijiji kinataka msaga unga, basi majina ya wasaga unga yamejaa kama siafu. Lakini genge lilikuwa moja, nyumba moja, na mwitaji mmoja. Mtoto mmoja alibaki na kazi na jina. Wengine walishuka mabondeni, wakafuma nguo, wakashona viatu, wakaitwa kwa kazi zao mpya. Ungeweza kuzunguka nchi yao yote, ukapiga hodi kila mlango, usilikute jina lile ila kwenye mlango mmoja. Likawa jina la mtu mmoja. Jina la mtu mmoja ni zito, mama! Ni kama gogo linalobebwa na mtu mmoja!"

"Ndilo lipi?"

"Sijui! Panda juu!"

Akapanda, akapanda, akapanda. Kilio cha mtoto kikakoma. Sikudhani akasimama, akaweka mkono nyuma, akahisi pumzi ndogo, ndogo sana. Mtoto hakuwa amenyamaza kwa raha. Alikuwa ameishiwa.

Kwenye kichaka mbele yake alikaa kinyonga mwenye pembe, amegeuka rangi ya ukungu, huoni ila jicho.

"Shikamoo, Kinyonga. Nakuomba, fanya haraka."

"Marahaba," akasema Kinyonga, na neno hilo peke yake lilichukua muda mrefu. "Haraka... sina. Kipande... ninacho."

*Mwanangu hata kulia hawezi tena,*
*jina la mgeni, Kinyonga, liko wapi?*

Kinyonga akageuza jicho moja. "Kwao walijenga barabara yenye kingo za mawe. Genge likawa halimli mtu tena. Mwitaji wa mwisho akaita, hakuna aliyepotea. Akaita, wakamcheka. Basi akashika baragumu akaufuata ukungu wenyewe, kama mchungaji anayemfuata ng'ombe wake aliyetoroka. Ukungu ukavuka bahari, naye nyuma yake. Ukungu ukapanda Usambara, ukalala. Naye akakaa."

"Na jina lake?"

"Liko ng'ambo ya genge. Linangoja kuulizwa. Lina adabu, haliwezi kuanza lenyewe. Liulize."

Sikudhani akafika kwenye genge. Mbele ya vidole vyake vya miguu dunia ilikuwa imekatika, ukabaki weupe tu unaopumua. Akakumbuka adabu yote aliyofundishwa. Mgeni haulizwi jina. Akafungua mdomo, akaufunga.

Akauliza kwa kunong'ona, "Unaitwa nani?" Ukungu ukalinywa neno.

Akauliza kama mtu anayeongea na jirani, "Unaitwa nani?" Neno likafika katikati ya bonde, likaanguka.

Akahisi mgongo wake ulivyo mwepesi. Akaweka mikono mdomoni, akaita kwa nguvu yote aliyoficha tangu utoto:

"Weeee! Mgeni weee! Unaitwa naniiii?"

Bonde likaitika. Miti ikaitika. Kisha ng'ambo ikatoka sauti nzee, yenye furaha, kama mtu aliyegongewa mlango baada ya miaka mingi:

"Ne-be-ru-faaa!"

Mtoto akajinyoosha mgongoni. Sikudhani akamzungusha mbele, akamwita kwa jina hilo, na mtoto akashika ziwa. Akanyonya, akanyonya, akanyonya, mpaka maziwa yakamtiririka shavuni.

Ndipo Jina lenyewe likavuka genge na kuja karibu. Halikuwa na sura. Lilikuwa kama mvuke wa chungu, ila lilisimama kama mtu anayengoja nje ya mlango na kofia mkononi.

"Ahsante kwa kuniuliza," likasema. "Maana yangu ni aitaye katika ukungu. Nitakaa kwa mtoto wako. Lakini nakuonya, mama. Kwetu nilibebwa na mtu mmoja, kisha mmoja, kisha mmoja, nikawa mzito. Nikibebwa na mtoto huyu peke yake, nitamlemea. Utanitafutia watu?"

"Mimi?" Sikudhani akasema. "Mimi hata kuku—"

"Umeita mpaka nimesikia mimi niliyekufa," Jina likasema. "Walio hai hawatakushinda."

Akaanza kushuka. Na kweli, mtoto aliyekuwa mwepesi kama kanga alianza kuwa mzito. Kwa Kinyonga alikuwa na uzito wa boga. Kwa Hondohondo alikuwa na uzito wa gunia. Kwa Mbega alikuwa na uzito wa jiwe la kusagia, na Sikudhani akawa anashika miti ili asipige magoti. Mtoto alinyonya, lakini alihema, kama mtu aliyewekewa kitu kifuani.

Uwanjani alimkuta mama mkwe wake amesimama, mikono kiunoni, na majirani nyuma yake.

"Umempeleka mjukuu wangu kwenye baridi?"

"Amenyonya, mama. Jina limepatikana. Ni Neberufa, jina la Mzee Baragumu."

Bi Mashavu akatema mate pembeni.

"La Mdachi? Wadachi waliombebesha babu yangu masanduku mpaka akafa njiani, leo waniletee mjukuu? Ukoo wa Shembilu umeishiwa majina? Mlete hapa."

Akampokea mtoto, akayumba kwa uzito, lakini alikuwa mbishi. Akakaa chini akaita majina ya ukoo wake yote, la kwanza mpaka la mwisho. Mtoto akageuza uso. Kifua chake kidogo kilipanda kwa shida na kushuka kwa shida.

"Mama," Sikudhani akasema. Safari hii hakunong'ona. "Nakuuliza swali moja. Siku ile aliyonisimulia Shembilu, ukungu ulipokukuta umebeba mimba yake, nani alikuita ukarudi?"

Bi Mashavu akamvuta mtoto karibu na kifua.

"Usimng'ang'anize," mwanamke mmoja akasema.

"Mwache aniulize, ana haki," akasema Bi Mashavu. Akamtazama mtoto kwa muda mrefu. "Nilikuwa nimeinua mguu. Mguu mmoja ulikuwa hewani. Ndipo nikasikia baragumu upande wa kushoto." Akafuta pua kwa upindo wa kanga. "Nilimpelekea ndizi. Nikamuuliza kama amekula. Basi."

Kisha akasema kwa ukali, kama mtu anayegombana na nafsi yake, "Alaa! Mzigo mzito namna hii mnamtwika mtoto wa juzi? Mnatazama nini? Nikatieni na mimi kipande. Mimi ni Mashavu Neberufa, na la babu yangu silitupi, nina mabega mawili."

Mtoto akapumua.

Shembilu, mume wa Sikudhani, akatoka mlangoni, macho mekundu. "Mimi ni baba yake. Nikatieni kipande kikubwa."

Mtoto akapumua tena.

"Mimi aliniita nikiwa na mbuzi," akasema jirani.

"Mimi aliniita nikiwa nimelewa," akasema mwingine.

"Wewe alikuita kila wiki!" mkewe akadakia, na watu wakacheka, na katika kicheko hicho wote waliowahi kuitwa wakasogea, na watoto wao, na wajukuu wao. Kila aliyelitaja jina, mtoto alipungua uzito, mpaka akawa na uzito wa mtoto tu, si zaidi, si kasoro. Akapiga chafya. Akalala.

Ndiyo maana hadithi inasema, kule ng'ambo lilikozaliwa, ukilitafuta jina la Neberufa utazunguka mpaka viatu viishe, hulipati. Lakini panda Kweshindo, uite "Neberufa!" sokoni, uone. Mwalimu atageuka, fundi cherehani atageuka, muuza pilipili atageuka, na mlevi atakuuliza, "Yupi kati yetu?" Na mawingu, kwa kuwa watu hawakupotea tena, yakaona hakuna maana ya kupita chini. Yakajifunza kupita juu.

Kesho yake, baada ya siku ile ya jina, asubuhi jua lilitoka. Sikudhani alikuwa akianika nepi ukutani alipopita mama mmoja kutoka Upare, muuza vyungu. Alikuwa akipita Kweshindo kila kiangazi tangu ujana wake, na watu walimwita Mama Vyungu. Sikudhani akamtua mzigo. Akampa maji, akampa uji. Akamuuliza kama ameshiba. Kisha akakaa karibu naye, akamuuliza anaitwa nani.

Yule mama akaliweka bakuli chini. Akainama, kama mtu anayetafuta kitu kilicho chini kabisa ya kikapu.

"Naitwa Nakijwa," akasema.

Basi, mgeni mpe maji, mpe chakula, lakini usimwache aondoke na jina lake mfukoni. Hadithi yangu imeiva, nimeipakua yote; aliyeshiba aoshe vyombo, aliyebaki na njaa atusimulie yake.